Haikuwa Jicho Lako, Mama Salma

Mama Salma, jirani yangu,

Nilitaka kuanza na habari njema, maana unanijua, habari njema haikai tumboni mwangu hata dakika mbili. Lakini Subi amenikataza. Amesema, "Mama, anza na kosa. Sifa zitakuja zenyewe, hata usipoziita." Basi naanza na kosa.

Nilisema una jicho baya. Nilimwambia Mama Kisa, mimi kwa mdomo wangu, tukiwa tunachambua maharage uani kwake. Nilimwambia kompyuta yetu inakufa kila unapoingia nyumbani kwangu, na akija mtu mwingine yeyote haifi. Neno hilo likatoka kwa Mama Kisa likatembea Mpemba nzima, mtaa wetu huu wa Tunduma. Lilikukuta ukiwa hai, likakufuata hadi ulipozikwa, na ulipokwisha kuzikwa likahamia kwa Salma wako. Wale watu wa Nanyala waliokuwa wamekuja kumposa wakanyamaza kimya, kama hawajawahi kupajua kwako. Ndiyo maana nakuandikia. Nataka ujue lilivyoanza, na nilivyolikimbilia kulirudisha, mimi na magoti yangu haya.

Wewe hukuwa mtu wa kusemwa hivyo. Ulipohamia hapa kutoka Pangani, mumeo akiwa anaendesha malori ya kwenda Zambia, ulishuka na masanduku mawili, mtoto mmoja na masweta matatu, na yote matatu ulikuwa umeyavaa. Uliniuliza, "Hivi huku mwezi wa sita watu wanaoga?" Nikakujibu kwetu Ileje wanaoga wenye dhambi tu. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye sanduku. Tangu siku ile nikasema huyu ni wangu.

Na mikono ile. Nimeona mafundi cherehani Tunduma mjini, nimeona na wa ng'ambo kule Nakonde, lakini mtu anayedarizi amesimama kwenye foleni ya maji, sindano inakwenda, mdomo unakwenda, na ua linatoka limenyooka, huyo ni wewe peke yako. Ulijifunza na "ndaga" yetu ya kushukuru, ukawa unaisema kwa sauti ya Pwani, inapanda inashuka, mpaka mama yangu mzazi alipokuja kunitembelea akauliza huyu Mndali mwenzetu ametoka kijiji gani. Mimi nikisema Subi amekuwa wa tatu darasani, na unajua nilikuwa nasema hata kwa wauza mkaa, wewe unasema "Mashaallah" basi, unaendelea na sindano. Salma wako alikuwa wa kwanza. Nilikuja kuambiwa na mwalimu. Kwako sikusikia hata siku moja.

Kompyuta yetu unaijua. Baba Subi aliileta mwaka ule mtoto alipopata nafasi ya chuo Mbeya, kusomea kompyuta hizo hizo, tukasema akija likizo asikae mikono mitupu. Sijisifu, lakini mstari wetu wote wa nyumba ilikuwa ni hiyo moja ya mezani. Kioo tukakiweka juu ya meza, na lile sanduku lenyewe, wanaloliita sipiyu, juu ya stuli pembeni. Wewe ukaja, ukalipima kwa shubiri zako, juu, pembeni, nyuma. Baada ya wiki kadhaa ukarudi na gauni. Kitambaa cheupe kizito, ndani bitana, maua mekundu madogo madogo pembeni, na chini mkunjo unaoshuka mpaka miguu ya stuli. Ulisema vumbi la malori haya litaimaliza mashine ya watu.

Mimi nililia. Nimevaa gauni la harusi la kuazima, Mama Salma, na leo sanduku langu lina gauni lake.

Sasa lilikuwa jeupe, na vumbi letu unalijua, malori yakisimama foleni ya mpakani hata ukikohoa unatoa udongo. Nikasema sitalichafua. Nikalikunja nikaliweka kabatini na dawa ya mende. Lakini nimelelewa kwamba mtu akikupa kitu, siku akija akikute unakitumia, usimfanye aulize kiko wapi. Kwa hiyo kila nikisikia kandambili zako kwenye kokoto, au ukinitumia Salma kwamba unakuja, mimi mbio kabatini. Nalivalisha sanduku, nalinyoosha mkunjo, nawasha kompyuta, naweka zile picha za Subi za mahafali ya sekondari zipite moja moja. Ukiingia unakuta mashine imevaa, na mwanangu anakutazama kwenye kioo na lile joho. Unasema Mashaallah. Nami naweka chai.

Na kikombe cha pili hatukifikii. Kioo cheusi, sanduku kimya. Mara ya kwanza ulisema, "Labda imechoka, Mama Subi. Hata sisi tunachoka." Mara ya pili ulisema umeme wa huku una maringo. Mara ya tatu Mama Kisa alikuwepo, na nilimwona akikutazama wewe, halafu akanitazama mimi.

Nikaanza kuhesabu moyoni. Mke wa mchungaji alikaa mchana mzima, haikuzima. Wifi zangu kutoka Ileje walilala siku tatu, watoto wakaichezea hadi wakachoka wao, haikuzima. Nikamleta fundi kutoka mjini, akaiwasha tangu asubuhi hadi akala na ugali wangu, akasema, "Mama, mashine hii ni nzima kuliko mimi." Subi kwenye simu akasema, "Mbona nikija likizo inafanya kazi?" Basi nikatafuta kinachozidi siku unazokuja wewe, nikakuona wewe. Gauni sikuliona. Mtu anaweza kuona gauni la kompyuta kama ugonjwa?

Na huku kwetu, nisikufiche, tukisikia mtu katoka Pwani tunamtwisha mambo ambayo hata yeye hayajui. Nilikula kwako, nilikuachia watoto, na bado lile jambo lilipoomba mahali pa kukaa nikalipa kiti.

Nikawa nikikuona unakuja natoka nje mapema, nakuletea kigoda ukutani, nasema ndani kuna joto. Joto, Tunduma, mwezi wa saba. Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, nikakwambia karibu ndani kwa mdomo tu. Ukasimama kizingitini na sahani yako ya visheti imefunikwa, ukasema, "Nitasalimia hapa hapa, Mama Subi, kompyuta yenu isije ikapata homa." Ukacheka. Na mimi nikacheka. Nimejaribu kujidanganya kwamba nilidhani ni mzaha. Nilijua. Ulinipa sahani, ukarudi na mvua yako, na visheti vile nilivila vyote.

Halafu sukari ikakupanda. Ulilazwa mara ya kwanza ukarudi, mara ya pili ukarudi, ya tatu ukarudishwa. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani. Nilikaa msibani kwako siku zote, nikapika, nikaosha masufuria, nikamfunga Salma kanga kiunoni kwa kuwa mikono yake ilikuwa haishiki. Wanawake wengine walikaa mbali na vitu vyako. Nikaona kanga zako hakuna anayezigusa, na nikajua ni kwa nini, na mdomo wangu huu mnaousifu kwa maneno ukakosa hata moja.

Nilipotoka msibani nililitoa lile gauni kabatini nikalivalisha sanduku, nikaliacha hapo. Vumbi lije tu. Nilitaka kitu chako kiwe mbele yangu nikiamka.

Subi alikuwa amerudi kwa likizo ndefu, ana kazi yake ya mwisho ya chuo, kurasa nyingi, anachapa tangu asubuhi. Kompyuta ikaanza kuzima. Siku ya kwanza mara mbili. Siku ya pili mara tatu. Ilimlia kurasa nne alizokuwa hajazihifadhi, mtoto akaenda kukaa uani na kuku. Mimi nikawa nimesimama pale sebuleni nimeshika mlango. Kwa sababu wewe hukuwepo, Mama Salma. Ulikuwa chini ya udongo, na kompyuta inazima kama ilivyokuwa ikizima ukinywa chai.

Ningeona aibu nikaishia hapo ingekuwa afadhali. Mama Kisa alikuja, akaikuta imezima, akasema, "Amekwenda na bado hamjapona. Huyo kuna kitu anadai. Itisheni maombi." Siku mbili baadaye nasikia bombani kwamba shangazi wa yule kijana aliyemposa Salma, kule Nanyala, alituma mtu kuulizia nyumba yenu, akaambiwa mama alikuwa na jicho, na sasa hata kaburini hajatulia. Ndipo nikaelewa kwa nini wale wageni wa Salma wamenyamaza. Neno langu lile la kwenye maharage lilikuwa limeota ndevu.

Nikamwita Subi nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alikunja mikono ya sweta, akasema, "Mama, mtu aliyekufa haji kuzima kompyuta. Na aliye hai haizimi kwa macho. Kuna kitu, na nitakikuta."

Sasa niruhusu nimsifu kidogo, kosa nimeshalisema.

Mama Salma, mtoto yule alichukua daftari la mistari akalichora vyumba. Siku gani, saa ngapi, ilikuwa inafanya nini, nini kimebadilishwa. Akaniambia sheria ni moja: unabadilisha kitu kimoja, unangoja, unaandika. Ukibadilisha viwili ikapona, hujui nani aliyeiponya. Mimi nikasema ndiyo maana sisi hatujui dawa ipi ilitibu malaria, tunakunywa zote. Akaniweka mimi niwe mtu wa saa. Darasa la saba wa Ileje, nakaa mbele ya kompyuta na simu mkononi, natangaza: saa nne na robo imezima.

Alianza na umeme, kwa sababu ile mashine ya kusaga nyuma yetu ikiwaka taa zinasinzia. Akahamishia waya kwenye soketi ya chumbani. Ikazima. Akatafuta virusi, siku nzima kompyuta inajikagua, ikizima anaianzisha upya, akakuta viwili vilivyokuja na nyimbo za mjomba wake, akaviondoa. Ikazima. Akalifungua sanduku sakafuni, akapuliza vumbi la feni kwa pampu ya baiskeli, lilitoka la kupandia mchicha. Akachomoa kale kakipande ka kumbukumbu, akakasugua miguu kwa kifutio cha penseli, akakarudisha. Iliwaka hapo sakafuni, ikafanya kazi hadi jioni bila kupepesa. Tukashangilia. Mimi nikampigia simu Baba Subi shambani nikamwambia mwanao ni daktari. Nikairudisha kwenye stuli, nikaivalisha, nikanyoosha mkunjo.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa nne, ikazima.

Hivyo mara tatu. Akiifungua inapona, nikiirudisha inakufa. Alichoka hata akanikazia macho kama nina jicho mimi. Halafu jioni moja alikuwa anasoma daftari lake ukurasa kwa ukurasa, kidole kinashuka kwenye mstari, kikasimama. Akasema taratibu, "Mama. Siku zote ilizopona ilikuwa uchi."

Akainuka, akaingiza mkono chini ya gauni lako, nyuma ya sanduku, pale inapotolea pumzi. Akautoa haraka. "Leta mkono wako." Nikauweka. Ilikuwa kama ubavu wa sufuria ya uji. Ile feni ilikuwa inatoa joto, joto linakuta bitana, linarudi ndani, na mashine ikiona inaungua inajizima yenyewe isife. Subi alisema inajiokoa. Alikuwa analia, anasema, "Nimekuwa nikilitazama kila siku na silioni. Ni la Mama Salma. Nani angeligusa?"

Hakuridhika na kuona mara moja, huyu si mtu wa kuamini mara moja. Kesho yake aliiwasha uchi, ikachapa hadi saa sita. Akaivalisha, sijamaliza kumenya viazi ikazima. Akaivua, ikapoa, akaiwasha, nzima. Akaivalisha, ikazima. Mara ya tatu ilipozima nilikaa chini sakafuni na kisu changu cha viazi, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka.

Nilikumbuka siku uliyolileta. Ulilinyoosha kwa kiganja, ukasema, "Ikilala uivalishe." Ikilala, Mama Salma. Uliniambia. Ukiizima jioni uifunike vumbi lisiingie, asubuhi uivue. Wewe hukusoma kompyuta hata siku moja na ulilijua hilo, maana ulifikiri mashine kama mtu, inalala inafunikwa, inaamka inavuliwa. Mimi ndiye niliyeivalisha ikiwa macho, ili uone ninavyolithamini. Nilikuwa nakuheshimu mbele yako kwa kitu kile kile nilichokusengenyea nyuma yako.

Nilikwenda kwa Salma siku hiyo hiyo. Alikuwa anaosha vyombo nyuma. Nilisimama, kwa sababu sikustahili kukaribishwa kukaa, nikamwambia kila kitu, maharage, Mama Kisa, gauni. Aliendelea kusugua sufuria. Nikadhani atanimwagia yale maji. Halafu akasema, "Mama alijua." Akasema ulimwambia ukiwa hospitali: "Mama Subi ana mdomo, hana roho mbaya. Usimchukie. Ukimchukia utamkosa mtu wa kukupikia kwenye msiba wangu." Akanitazama, akasema, "Na kweli ulipika."

Sijui ulikuwa mtu wa namna gani wewe. Nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu wa dada. Kulala kitandani unakufa, unajua aliyekuchafua ni nani, na unampangia zamu ya jikoni.

Salma akaniambia hataki kumbembeleza mtu wa Nanyala. Kama huyo mchumba wake Idrisa anaamini mambo ya macho, akaoe kipofu. Huyo ni binti yako, nikajua hapo hapo. Nikamwambia, wewe usiende, tunakwenda sisi tulioharibu. Subi akasema maneno matupu hayatoshi, shangazi mtu ameshasikia maneno mengi. Akasema, "Tunakwenda nayo."

Mama Salma, tulipanda Kosta na kompyuta. Subi amekumbatia kioo, mimi nimepakata sanduku limefungwa blanketi kama mtoto wa kunyonya, gauni kwenye mfuko. Kondakta aliniuliza, "Mama, huyo mtoto ana umri gani?" Nikamjibu ana umri wa kukulipia nauli, ondoeni gari. Vwawa tukapita, baridi inaingia dirishani. Subi alikuwa amebeba na kitu nisichokielewa, redio yetu ndogo.

Shangazi mtu ni mwanamke mrefu, mkavu, ana mgahawa wake pale barabarani, na ana macho ya kuhesabu watu. Alitukuta mlangoni na mizigo yetu, akasema, "Mmeleta kompyuta au mmeleta mahari?" Nikasema nimeleta ushahidi. Akatuingiza sebuleni, akaita na wanawake wengine watatu wa ukoo, sidhani kwa heshima, nadhani kwa kutazama sinema. Nikasema mbele yao: mimi ndiye mwenye neno lile mlilolisikia, nimekuja kuwaonyesha lilikotoka. Subi akaunganisha. Redio akaichomeka kwenye soketi hiyo hiyo, akaiwasha, mtu anaeleza habari za mbolea. Akawaambia, "Hii ni ili mjue umeme haujakatika." Angalia akili hiyo. Mimi nisingeifikiria hadi siku ya kiama.

Tukaivalisha. Wakalisifu gauni, nikasema nani kalishona. Tukangoja.

Nusu saa. Picha za Subi zinapita. Chai ikaja. Dakika arobaini. Nyumbani kwetu ingekuwa imeshakufa na kufufuka. Saa nzima. Mmoja wa wale wanawake akatazama saa ya ukutani. Shangazi mtu akasema, "Mimi naona hii yenu ina afya kuliko mimi." Miaka yote ile nilikuwa naomba kompyuta hii isizime mbele za watu, na leo nimekaa kwenye kochi la watu ninaomba kwa Mungu izime. Jasho linanitoka na baridi ile ya Mbozi. Niliona nitarudi Mpemba nimekuharibia mara ya pili, na safari hii kwa nauli yangu. Subi akanishika goti. "Mama, tulia. Huku kuna baridi kuliko kwetu. Itachelewa tu."

Shangazi mtu akainuka kwenda kuangalia wali wake. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Ikazima.

Kioo cheusi, uso wa Subi umepotea katikati ya kutabasamu. Na redio inaendelea, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia. Nikasimama. Nilikuwa nimetunga hotuba tangu Vwawa, yote ikanitoka, nikasema tu: "Mama Salma hayupo hapa. Yuko kaburini Mpemba. Na imezima."

Shangazi mtu akarudi, akainua gauni, akaingiza mkono nyuma ya sanduku, akautoa akaupuliza. Akasema, "Jicho gani hili lenye joto." Wale wengine nao wakaja mmoja mmoja wakaweka mikono, kama watu wanaosalimia. Subi akawaeleza pumzi ya mashine inavyorudi ndani, akaivua, ikapoa, ikawaka. Mimi nikawaeleza ulivyoniambia niivalishe ikilala.

Shangazi mtu akanigeukia. "Na wewe mama, umejifunza lini kufunga mdomo?" Nikasema leo, na sina hakika na kesho. Akacheka, mara ya kwanza. Halafu akakaa karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mtu aliyebeba sanduku hili kutoka Tunduma kuja kujiaibisha kwa watu asiowajua, huyo aliyemkosea lazima alikuwa mtu wa maana." Hapo ndipo nilipolia, kwenye wali wa watu.

Basi habari njema, Subi ameniruhusu sasa. Idrisa alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, siku mbili kabla ya wajumbe wake. Salma alimwacha asimame nje muda wa kuchemsha maharage, akamuuliza aliamini au hakuamini. Kijana akasema hakuamini ila alinyamaza, na kunyamaza ni vibaya vile vile. Salma akamfungulia. Mahari imepokelewa, Baba Salma amerudi kutoka Lusaka kwa ajili hiyo na amepungua mwili, lakini anakula. Subi amemaliza kazi yake na walimu wamemsifu, nitakueleza siku nyingine kwa urefu unaostahili. Kompyuta haijazima tena hata mara moja.

Na Salma alikuja nyumbani juzi. Aliingia ndani, hakusimama kizingitini. Alisema siku ya ndoa anataka mimi nikae naye chumbani, mahali ambapo mama hukaa. Nikamwambia mimi ni Mkristo wa Ileje, sijui mambo yenu. Akasema wewe, kabla hujatutoka, ulimwagiza dada yako atoke Pangani kwa mambo hayo, anachotaka kwangu ni mtu wa kumshika mkono asitetemeke. Nimekubali. Nitamshika.

Bado kuna kazi moja. Neno lile lilikwenda nyumba nyingi kuliko Nanyala. Nimeanza na Mama Kisa, tumelia wote wawili, naye amechukua upande wake wa barabara. Mimi nimechukua huku kwetu. Nabisha hodi, nasema mimi ndiye niliyesema, nasema haikuwa kweli, nasema ilikuwa nini. Wengine wananicheka, wacha wacheke. Mmoja kule karibu na mashine ya kusaga ameniambia hataki kusikia habari za marehemu, akafunga mlango. Nitarudi kwake. Nakuahidi, Mama Salma, nitarudi hata akinifungia mara kumi, hadi pasiwe na nyumba Mpemba ambayo jina lako likitajwa mtu anashusha sauti.

Pumzika, jirani yangu. Ndaga kwa yote. Mungu wako na wangu akulaze pema, nami uniombee mdomo wangu.

Leo ni zamu ya yule mwanamke wa karibu na mashine ya kusaga. Navaa viatu.

Ni mimi,
Mama Subi